Hoki ya barafu haina fomu ya kununua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani na nina shamba dogo la mikorosho upande wa Nanguruwe. Binti yangu amezaliwa 2011, yuko kidato cha pili na anacheza mpira wa pete shuleni. Tangu likizo ya Desemba hana habari nyingine ila wasichana wanaocheza magongo juu ya barafu. Anawaangalia kwenye simu yangu mpaka bando linakata. Anasema ni mashindano ya dunia ya wasichana wa rika lake na yeye anataka kufika huko. Sasa kuna mtu kampata mtandaoni, anasema ni wakala, nafasi ipo Canada, nitume shilingi 850,000 za fomu na sare kabla ya mwisho wa mwezi, na pasi ya kusafiria atashughulikia yeye. Hela ya korosho imeingia, ninayo. Baba yake anasema huu ni upuuzi na mchezo wenyewe si wa mtoto wa kike. Mimi sitaki kumvunja moyo. Mashindano haya yapo kweli? Na anaweza kwenda?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usitume hiyo hela. Usitume hata elfu kumi ya kuonyesha nia. Naanza na hilo kwa sababu mwisho wa mwezi uko karibu, na watu wa aina hiyo huweka tarehe ya karibu makusudi ili mzazi asipate muda wa kuuliza. Wewe umeuliza, na umefanya vizuri sana.

Mashindano yapo kweli, na alichokiona binti yako kwenye simu ni kitu cha kweli. Yanaitwa Mashindano ya Dunia ya Hoki ya Barafu ya Wanawake wa Chini ya Miaka 18, na yanaendeshwa na Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu lenye makao yake Zürich, Uswisi. Ila ni mashindano ya timu za taifa. Nchi lazima iwe mwanachama wa shirikisho hilo, iwe na chama chake cha mchezo, na chama hicho ndicho kinachochagua wachezaji baada ya kuwatazama kwa misimu kadhaa. Mtu mmoja mmoja hajiandikishi. Huyo bwana hana nafasi ya kukuuzia kwa sababu nafasi ya namna hiyo haijawahi kuwepo.

Linganisha na jambo tunalolijua. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya mpira wa miguu ya wasichana, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakafika robo fainali. Hawakufika kule kwa kununua fomu kwa mtu wa mtandaoni. Waliitwa kambini, wakacheza mechi za kufuzu, wakaondoka wakiwa timu ya Tanzania. Msichana anayekwenda kuiwakilisha nchi hukabidhiwa bendera hadharani, viongozi wapo, kamera zipo, na Baraza la Michezo la Taifa linajua anakwenda wapi na nani. Anayekwambia mwanao ataiwakilisha Tanzania kimyakimya kupitia meseji za simu, huyo anataka kitu kingine.

Na hicho kitu kingine ndicho kinachonitia hofu kuliko hela. Ameomba kushughulikia pasi ya kusafiria ya mtoto wa miaka 14. Leo hii kaa na binti yako, kwa upole, umuulize kama ameshamtumia picha, cheti cha kuzaliwa au jina la shule. Usimgombeze, maana akiogopa ataficha. Meseji zote zihifadhini, msifute hata moja, kisha nendeni nazo polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Hata kama hujatoa shilingi, nenda. Kuna mama mwingine huko Masasi au Ruangwa ambaye huenda anaandikiwa maneno hayohayo wiki hii, na yeye hana wa kumuuliza.

Sasa tuzungumze kuhusu mchezo, maana sitaki ubaki na nusu ya jibu, na binti yako anastahili kuelezwa kitu alichokipenda.

Nilikuwa mwalimu wa michezo kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi nikiwa hapa Lindi, na ujana wangu nilikuwa golikipa wa mpira wa magongo. Nilimfuata mume wangu masomoni Finland, tukakaa Tampere vipindi viwili vya baridi. Sikuwa na kazi, nikawa naenda kwenye uwanja wa barafu wa jirani kuwasaidia makocha wa wasichana: kujaza chupa za maji, kufunga kamba za viatu vya wadogo, kufungua ule mlango mdogo wa kuingilia uwanjani. Januari ya 2013 mashindano haya haya yalifanyika Finland, kwenye mji wa Heinola na kituo cha michezo cha Vierumäki, nami nikaenda kutazama. Dhahabu walichukua Canada. Kilichonikaa moyoni lakini si kombe. Walikuwa wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, wakitoka uwanjani wakitiririka jasho kwenye jengo lenye baridi, na wazazi wao jukwaani na chupa za kahawa, kama wazazi wetu wanavyokaa chini ya mwembe na chupa ya chai wakati wa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari.

Yalianza mwaka 2008 mjini Calgary, Canada. Kundi la juu lina timu nane, na chini yake yapo madaraja mengine yenye kupanda na kushuka, kama ligi yetu. Humo madaraja ya chini utakuta nchi ambazo hukuzitegemea kabisa kwenye habari za barafu: Mexico, Australia, Uhispania, Uturuki. Mwaka 2021 korona iliyafuta. Januari ya 2022 yalifutwa tena, ila safari hiyo yakapelekwa Juni, yakachezwa Wisconsin, Marekani. Wapo watoto waliotimiza umri wakati huo na hawakupata kucheza kamwe, na nitakuja kwenye habari hiyo ya umri kwa sababu inamgusa binti yako.

Tangu 2008 hadi 2025 yamefanyika mara 17, na dhahabu zote 17 zimekwenda nchi mbili tu, Marekani tisa na Canada nane. Fainali kumi za mwanzo, kila mwaka, walikuwa haohao wawili. Wa kwanza kuingia katikati yao walikuwa wasichana wa Sweden, mwaka 2018 kule Dmitrov, Urusi. Mwaka 2023 wakaingia tena fainali, nyumbani kwao Östersund, wakafungwa na Canada mabao kumi kwa sifuri. Mwaka uliofuata, kule Zug, Uswisi, Czechia waliwatoa Canada kwenye nusu fainali na wakaondoka na fedha. Nakutajia haya ili uone uzito wake. Czechia wana viwanja vya barafu kila mahali, watoto wao wanavaa viatu vya chuma tangu wakiwa na miaka minne au mitano, na bado iliwachukua miaka 16 tangu mashindano yaanze kuigusa fainali moja.

Utauliza, mbona Canada na Marekani tu? Jibu lipo kwenye barafu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndilo jambo ambalo watu wa pwani tunaweza kulielewa kuliko tunavyodhani.

Umewahi kufika feri Mtwara alfajiri wakati wavuvi wanapakia barafu? Yale mabonge makubwa yanayopondwa na kumwagwa kwenye masanduku ya samaki. Kwenye viwanda vingi vya mabonge, maji matamu huwekwa kwenye makopo marefu ya chuma, na makopo yanazamishwa kwenye birika la maji ya chumvi yaliyopozwa sana. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matamu. Yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki ya majimaji, yakitembea, yakinyonya joto la makopo, mpaka maji matamu ndani yanageuka bonge. Uwanja wa hoki hutengenezwa kwa akili ileile. Chini ya sakafu ya zege yamelazwa mabomba, kilomita nyingi za mabomba, na ndani yake inazungushwa chumvi iliyoyeyushwa kwenye maji, au dawa nyingine isiyoganda upesi, ikiwa na baridi ya nyuzi nane au kumi chini ya sifuri. Zege linakuwa baridi. Juu yake wananyunyiza maji kidogo sana, yanaganda, wananyunyiza tena, tabaka juu ya tabaka. Unene ukifika nusu wanapaka rangi nyeupe na kuchora mistari myekundu na ya bluu, kisha wanaifunika kwa maji mengine. Kwa hiyo mistari unayoiona kwenye simu iko ndani ya barafu. Unene wote ni kama sentimita tatu. Ukiuweka mkono wako ubavu, barafu hiyo haifiki hata upana wa vidole viwili.

Uwanja una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hadi 30. Viatu vyenye chuma huichanachana barafu, basi kila baada ya kipindi inaingia mashine kubwa inayotembea taratibu kama trekta, inakwangua juu na kuacha nyuma yake utandu wa maji ya moto. Ndiyo, ya moto! Yanayeyusha kidogo barafu ya chini, yanashikana nayo vizuri, na yanaganda yakiwa laini kama kioo. Mashine hiyo alianza kuitengeneza Frank Zamboni huko California mwaka 1949, na mpaka leo watu huiita kwa jina lake, Zamboni.

Sasa fikiria kuutunza utandu huo wa sentimita tatu hapa kwetu, kwenye joto la Februari na ule unyevu wa baharini unaofanya chumvi ya mezani igeuke uji. Inawezekana. Dubai wanafanya, Thailand wanafanya, kote huko kuna joto kama letu au kutuzidi. Lakini mitambo inakula umeme usiku na mchana, na mingine inahitajika ya kukausha hewa tu ili ukungu usijae ndani. Kwa hiyo nchi ambazo baridi yao inagandisha maziwa na mabwawa zimepata barafu ya bure kwa vizazi vingi. Mtoto wa Canada anacheza kwenye uwanja aliomwagiwa maji na baba yake nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo faida yao ya kwanza. Ya pili ni wingi wa wasichana wanaosajiliwa kwenye vilabu, na hiyo imejengwa na watu. Haikushuka kutoka mawinguni.

Kuhusu uchezaji, nitakueleza kidogo ili ukikaa naye mtazame pamoja ujue kinachoendelea. Kila timu ina watu sita uwanjani, golikipa na watano mbele yake. Kuna vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila refa anapopuliza, ndiyo maana mechi moja inakwenda zaidi ya saa mbili. Kinachochezwa si mpira wa duara. Ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, uzito kama gramu 160, ambacho hugandishwa kwanza kwenye friji ili kisirukeruke. Goli ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22. Wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde arobaini au hamsini, bila kusimamisha mchezo, wanaruka ukingo na kuingia. Mara ya kwanza nilidhani wamegombana na kocha. Kumbe mtu akikimbia kwa nguvu zote kwenye barafu, baada ya dakika moja miguu inawaka moto na hana faida tena. Anayefanya kosa anatolewa dakika mbili, timu yake inabaki pungufu, na hapo ndipo mabao mengi hupatikana.

Sasa shemeji yangu, baba wa binti, anayesema si mchezo wa mtoto wa kike. Namheshimu, na wasiwasi wake naufahamu, maana video nyingi za hoki zinazosambaa ni za wanaume wakigongana na kupigana. Kwa wanawake sheria ni tofauti. Kumvamia mwenzako kwa mwili kwa lengo la kumwangusha, kama wanaume wanavyoruhusiwa, ni kosa. Kusukumana bega kwa bega mnapogombea kisahani kupo, kama kwenye mpira wa miguu. Kila msichana anavaa helmeti yenye wavu au kioo kinachofunika uso mzima, kinga ya shingo, ya mabega, ya viwiko, ya magoti, glavu nene. Wanaumia wakati mwingine, siwezi kumficha. Hata netiboli inavunja vidole.

Kama wasiwasi wake ni wa stara, nadhani ni mchezo wenye stara kuliko mingi. Hakuna ngozi inayoonekana isipokuwa uso nyuma ya wavu. Yupo Fatima Al Ali wa Abu Dhabi, mchezaji wa Umoja wa Falme za Kiarabu, anayecheza na hijabu yake chini ya helmeti. Februari 2017 alialikwa Washington kudondosha kisahani cha kufungulia mechi ya ligi kubwa ya wanaume. Mwonyeshe shemeji video hiyo. Wanawake wameingia Olimpiki na hoki ya barafu tangu Nagano, Japani, mwaka 1998. Mmoja wao, Marie-Philip Poulin wa Canada, alicheza mashindano haya ya chini ya miaka 18 ya mwaka 2008, yale ya kwanza kabisa. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 18, alifunga mabao yote mawili ya fainali ya Olimpiki kule Vancouver, Canada wakaifunga Marekani mbili bila. Kwa hiyo anachokitazama binti yako ni mlango ambao wakubwa wa mchezo hupitia.

Je, binti yako anaweza kuupita? Hapa lazima nikuambie ukweli bila kuupaka sukari, na wewe umwambie vilevile, kwa sababu mtoto wa miaka 14 akidanganywa anajua.

Tanzania si mwanachama wa shirikisho la hoki ya barafu, na hatuna uwanja wa barafu wa kuchezea hoki. Umri nao haungoji. Wanaocheza ni wasichana wa kuanzia miaka 15, na mwaka wa mwisho wa kucheza ni ule anaotimiza 18. Mashindano ya Januari 2025, kwa mfano, yalikuwa ya waliozaliwa 2007 na kuendelea. Aliyezaliwa 2011 mlango wake unafungwa baada ya mashindano ya 2029. Kuunda chama, kukisajili Baraza la Michezo, kuomba uanachama, kupata barafu, kuwafundisha wasichana zaidi ya ishirini kuteleza na kucheza, kisha kuingia daraja la chini kabisa, hayo yote hayaishi kabla ya 2029. Na hawezi kuchezea nchi nyingine bila kuwa raia wake. Kwa hiyo mashindano haya, kwa rika lake, hatacheza. Nimeandika sentensi hiyo na imeniuma, lakini ndivyo ilivyo.

Lakini usiishie hapo ukifikisha habari. Hoki ya wanawake haikomi kwenye miaka 18. Yapo mashindano ya dunia ya wakubwa tangu 1990, na madaraja ya chini yake yana wanawake wenye kazi zao, walimu na wauguzi, wanaochezea nchi zao wakiwa na miaka thelathini na zaidi. Huko muda anao.

Na barafu iko karibu kuliko unavyodhani. Nairobi, barabara ya kwenda Mombasa, kwenye jengo la Panari, kumekuwa na ukumbi wa barafu tangu 2005. Ni mdogo kuliko uwanja kamili, lakini humo ndimo ilipozaliwa timu ya Wakenya wanaojiita Ice Lions. Walianza wakiwa hawana hata golikipa mwenye vifaa kamili. Mwaka 2018 walipelekwa Canada, wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na nyota wawili wakubwa wa dunia, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi zao na kucheza nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la kimataifa. Fikiria: kutoka kuteleza kwenye ukumbi wa hoteli hadi uanachama, kama miaka ishirini, na kazi hiyo imefanywa na watu wachache wakaidi. Kutoka Mikindani hadi Nairobi ni mwendo wa siku mbili za basi kupitia Dar, na kwa hiyo 850,000 uliyotaka kumpa yule bwana, wewe na binti yako mnaweza kwenda, kulala, akavaa viatu vya chuma, akaanguka mara hamsini, na mkarudi nyumbani. Subirini likizo ndefu, pigeni simu kwanza mjue siku ambazo ukumbi uko wazi.

Kabla ya hapo kuna kazi ya kufanya nyumbani, na hii ndiyo sehemu ninayoifurahia.

Nilipopanda barafu mara ya kwanza kule Tampere, nikiwa mtu mzima, nilikuwa nimeinama kiuno kama ninayepalilia. Nilianguka kifudifudi. Kocha, binti mdogo wa miaka ishirini na kitu, akanionyesha kwa mikono: magoti, magoti! Sikumwelewa mpaka nilipokumbuka mbuzi ya kukunia nazi. Ukikaa kwenye mbuzi, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, uzito uko chini. Hivyo ndivyo mchezaji wa hoki anavyosimama muda wote. Mwambie binti yako akae hivyo bila mbuzi, dakika moja, apumzike, arudie mara tano, kila jioni. Baada ya wiki mbili atajua kwa nini wale wasichana wana mapaja kama wapanda milima.

Netiboli yake imempa tayari kitu kimoja ambacho makocha hukitafuta. Mchezaji wa pete anajifunza kutua, kusimama papo hapo na kugeuka juu ya mguu mmoja. Kwenye barafu kusimama ni kugumu kuliko kwenda. Asiache netiboli.

Halafu viatu vya magurudumu. Kwenye mitumba ya Dar vinapatikana, na achague vile vyenye magurudumu kwenye mstari mmoja, siyo mawili mbele na mawili nyuma, kwa sababu ule mstari mmoja unafanana na chuma cha barafuni. Helmeti ni lazima, hata ya baiskeli, na kinga za magoti na viganja. Barabarani asicheze kamwe, pikipiki za Mikindani tunazijua. Sakafu? Msimu wa korosho ukiisha, maghala mengi ya vyama vya msingi vya ushirika yanabaki matupu, sakafu ya saruji laini, paa juu, hakuna mvua wala jua. Wewe ni mkulima na mwanachama, unaweza kumwendea katibu kwa adabu ukaomba saa mbili za Jumamosi asubuhi, mfagie wenyewe kabla na baada. Nimewahi kuomba ghala hivyo kwa ajili ya wanafunzi wangu wakati wa masika, nikapewa. Aende na wenzake watano sita wa timu ya pete, asiwe peke yake. Fimbo fundi seremala anaweza kuichonga, bapa la chini likapindwa kidogo. Badala ya kisahani tumieni mpira wa tenisi.

Na muulizeni afisa michezo wa Manispaa ya Mtwara Mikindani kama yupo mtu anayefundisha mpira wa magongo wa kawaida, ule wa uwanjani. Nchi yetu ina historia yake humo: mwaka 1980 timu ya wanaume ya Tanzania ilicheza magongo Olimpiki ya Moscow na ikashika nafasi ya sita. Mtoto anayejua kuulinda mpira kwa fimbo huku anakimbia, siku akipanda barafu atahitaji kujifunza miguu tu.

Mimi hapa Lindi ninayo magongo manne ya zamani, mawili yamepasuka mpini lakini yanafungika kwa utepe. Mwezi ujao nina safari ya Mtwara kumwona dada yangu, nitayabeba. Viatu vya magurudumu ninavyo jozi moja, alivivaa mwanangu, namba 38. Niandikie namba ya mguu wa binti yako.